Msikilize Mti!

Zenaida, bado siamini! Natoka sasa hivi kwenye lile darasa la kutuliza akili kwa kupaka rangi alebrije, hawa wanyama wetu wa ajabu wa mbao. Sisi wachongaji! Tena tunafundishwa na mdada wa mjini!

Anatuambia, "Fumbeni macho, msikilize mti." MSIKILIZE MTI!

Shangazi Eulogia, aliyechonga mti wa kopali miaka arobaini, akamnusa chui wake mwenye mabawa. "Mwanangu, huyu hajalowekwa petroli. Wadudu hawajafa."

Mwalimu akamjibu, "Mama, acha fikra mbaya. Pumua."

Haya, tukapumua. Mara kru, kru, kru.

Chui anatafunwa kwa ndani! Buu nene likachomoza puani, likamdondokea mwalimu mapajani. Yowe alilopiga!

Shangazi wala hakuacha kupaka rangi. "Umeusikia mti? Unasema unataka petroli."