Mabonge ya Mkonge

Mingoyo, Jumanne

Sijamwambia mtu: tofali la kujaribia msingi wa barabara lilivunjika kwa sababu yangu. Nilimwaga maji kwenye kifusi na saruji kabla ya kutawanya nyuzi za mkonge, zikashikana mabonge.

Fundi mkuu alisema, "Mkonge haufai. Tutatumia saruji tupu."

Mama na wenzake, ambao kibarua chao ni kukata nyuzi hizo, wakakusanya mapanga yao. "Twende zetu, mwanangu, mikorosho inatungoja," akasema akicheka. Nilimfuata. Hata machozi hayakuja. Mikono tu ilikuwa mizito, kama ya mtu mwingine.

Kesho nitamwomba fundi tujaribu upya. Nikishasema shikamoo, nisiishie hapo.

Mpaka nitakaposema mwenyewe, daftari langu, nifichie.