Nilivyokwenda Ukanga Kutafuta Kasoro

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Agosti 1993

Mpendwa Dada Fatuma,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeshapona kikohozi, na Shemeji Hamis ameacha kulala chini ya kile kiyoyozi alichokuwa akijisifia. Maskati na joto lake nawaachieni wenyewe. Huku kwetu sote wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kulia limechubuka, na habari ya goti ndiyo barua yenyewe.

Unaijua karakana ya baiskeli ya Fikirini pale Ilala. Zamani mpira wa ndani ukipasuka ulitafutwa mji mzima, kwa hiyo watu waliziba viraka juu ya viraka na mume wangu hakukosa kazi. Sasa biashara zimefunguliwa, madukani kila kitu kipo, Hiace zimejaa barabarani, na baiskeli hapa mjini ni za kuhesabu. Shemeji yako anashinda akifuta spana ambazo hazijachafuka.

Mwezi wa sita Umakant, yule mwenye duka la vipuri Mchafukoge, alimwambia kuna kisiwa kidogo upande wa kusini kiitwacho Ukanga. Hakina gari hata moja, watu wake ni wa baiskeli, na fundi hawana. Fikirini akarudi nyumbani anataka tuhame. Nikamwambia nimezaliwa Kariakoo na nitafia Kariakoo. Tukanuniana wiki mbili nzima. Mwisho tukakubaliana twende siku moja tukakione, na nikisema hapana, asilitaje tena neno hilo maisha yake yote.

Wewe sikufichi, dada. Nilikwenda kutafuta kasoro.

Tuliondoka alfajiri kwa boti ya mashine, na saa tatu tukawa tumeshuka na baiskeli yetu. Kimya cha pale kilinitisha. Hakuna honi, hakuna kaseti za wauza duka, ni kuku na upepo tu. Nikasema moyoni, hiyo moja. Nikapanda kwenye keria kama kawaida yangu, maana miaka ishirini na miwili niliyoolewa na fundi baiskeli, sijawahi kushika usukani. Unajua mtaa wetu ungesema nini.

Njia ni nyembamba, ya mchanga mgumu, minazi huku na huku. Tukafika penye nyumba, watu wamekaa barazani. Fikirini akapiga kengele kama yuko Msimbazi, akatupa salamu huku anakanyaga pedali, tukapita. Hakuitika hata mtu mmoja. Baraza ya pili vilevile. Nikafurahi kimya kimya, kwani nani atahamia kwa watu wasioitikia salamu?

Aliyetufumbua macho ni Sitara, mkunga wa kisiwa kizima. Tulimkuta njiani kajitanda kanga, anakokota baiskeli yake mwenyewe. Akatueleza kwamba kwao, ukifika penye watu waliokaa unashuka, unasalimia, unaikokota baiskeli mpaka uwapite, ndipo unapanda tena. Anayepita yuko juu amewafanya watu mbuzi. Fikirini aliona haya mpaka nikamhurumia. Tukarudi kwa miguu kwenye baraza zote mbili kuomba radhi, na safari hii tuliitikiwa, tukapewa na madafu.

Kumbe Sitara alikuwa anaikokota kwa sababu tairi la nyuma lilikuwa limeshindiliwa makumbi ya nazi badala ya mpira, na makumbi yamechomoza nje. Mipira Mchafukoge inauzwa kama njugu, na huku mkunga anakwenda kuzalisha watu juu ya makumbi. Fikirini akafungua mfuko wake wa vifaa palepale. Kabla ya adhuhuri baiskeli tisa zilikuwa zimepangwa zinamsubiri.

Dada, alikuwa anaimba. Nilipomsikia ndipo nilipogundua kwamba alikuwa ameacha kuimba, na sijui ni tangu lini. Nikatokwa na machozi, nikasingizia mchanga.

Sitara si mtu wa kudanganywa na mchanga. Akaninyanyua, akanipandisha kwenye baiskeli yake iliyokwisha kutengenezwa, akanishikilia kwa nyuma. Nikaanguka mara mbili, na hapo ndipo goti lilipochubuka. Mara ya tatu akaniachia bila kuniambia, na baiskeli ikaenda. Nilifurahi kama mtoto. Mara nikaona baraza mbele, watu wamejaa, nikakumbuka adabu ya kushuka. Lakini kupanda nilikuwa nimefundishwa, kushuka bado.

"Nisameheni, jamani," nikawapigia kelele nikipita, "sijui kushuka!"

Walicheka wote, na salamu yangu wakaiitikia, sauti zao zikanifuata mpaka nilipoishia kwenye mihogo ya watu.

Wakati wa kurudi Fikirini hakuniuliza kitu. Alikuwa ameahidi kuniachia neno la mwisho, na ahadi yake unaijua. Alikaa tu anaitazama mikono yake yenye grisi. Kasoro nilikuwa nazo: umeme hakuna, maji ya kisima yana chumvi, sokoni ni meza tatu. Zote za kweli. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani. Boti ilipokaribia kufunga gati nikamwambia:

"Kesho pitia kwa Umakant. Mwambie nataka baiskeli ya kike."

Aligeukia upande wa pili, na nikaona mabega yanatikisika.

Tutahama tukishasoma Maulidi. Mwanetu Ramadhan atabaki na nyumba na kibanda chake cha mitumba. Naogopa, dada, sikatai. Wewe ndiye mkubwa wetu aliyebaki, kwa hiyo nasubiri radhi zako kabla sijafunga hata sanduku moja.

Nisalimie Shemeji Hamis na wanao wote, na Fikirini anakuamkia. Mola akuhifadhini huko ugenini, na sisi atutangulie tuendako.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kuruthumu