Hisa kwa Jina Langu

Muleba

Wifi Restituta,

Sisi tupo. Migomba imeanza kupona mnyauko, ila senene wa kukaanga mwaka huu walikuwa wachache. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu natumia pamoja na kaka yako.

Huyo kaka yako Karugendo ameanza kununua hisa. Kila Jumanne anaoga mapema, anapanda basi la Bukoba, eti dalali anamfundisha soko. Mimi nikajua huyo dalali anavaa gauni. Ijumaa nikaenda mwenyewe ofisini kwao. Hisa zipo kweli, na zote zimeandikwa jina langu. Kumbe ndiyo fomu aliyonisainisha akisema ni ya chama cha kahawa. Lakini dalali, mzee wa watu, anasema Karugendo alifika kwake mara moja tu.

Wifi, desturi ya ukoo wenu unaijua. Mume akizikwa, kibanja, nyumba na migomba yake, kinarudi kwa ndugu zake. Hisa hazina ukoo.

Juzi nimempunguzia suruali kiunoni, mara ya pili tangu Pasaka. Nikimuuliza, ananionyesha bei zilivyopanda.

Nyinyi mmenyonya ziwa moja, usinifiche. Jumanne anakwenda wapi?

Mke wa kaka yako,
Kokuberwa