Bati juu ya mzinga wa Ami

Mjini Ibra, Jumatano, Julai 2006. Joto.

Jua la leo jeupe, na mitende inaonekana kama inaelea juu ya maji ambayo hayapo. Nimelala chumbani na tumbo langu la miezi sita, nasikia uvumi wa nyuki hata ninapofumba macho.

Nimeharibu.

Mzinga ni wa Ami Seif, baba mdogo wa mume wangu: gogo la mtende lililochimbwa ndani, limelazwa nyuma ya nyumba. Alipokwenda Maskati kutibiwa macho aliniachia mimi, si wanawe. Mimi niliyekuja juzi tu kutoka Unguja. Nilitembea kichwa juu siku nzima.

Gogo alilifunika makuti makuukuu na gunia. Nikaona aibu, maana wifi zangu walikuwa wanakuja kunywa kahawa. Kwetu makuti ni ya kuanzia maisha. Ukipata uwezo unaezeka bati. Basi nikayatupa, nikaweka bati jipya linalong'aa, nikajiona mjuzi.

Siku nne tu.

Leo asubuhi nimekuta majana, vile vitoto vyeupe vya nyuki, yametupwa nje yamekauka. Waliowahi kukomaa walikuwa wanatambaa mlangoni mwa mzinga, mbawa zimejikunja kama karatasi iliyolowa. Mmoja nilimweka kiganjani. Akajaribu kuruka, akajaribu tena. Nikajikuta nimeshika tumbo langu.

Nimelia sana.

Nimeondoa bati, lilikuwa la moto kama kikaango, nimerudisha makuti, nimelowesha gunia kwa maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, ndoo baada ya ndoo. Nyuki wakubwa walijipanga mlangoni, wanawapepea wadogo waliobaki. Niliwatazama mpaka nikasahau niko wapi.

Jana Ami alipiga simu kuuliza hali yao. Nilimwambia hawajambo, na wala sikuwa nimekwenda kuangalia. Leo baada ya alasiri nimempigia mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikasema yote, hata habari ya makuti. Nikangoja aseme kwamba alikosea kuniamini.

“Wanavuma bado?”

“Wanavuma, ami.”

“Khalas, basi yamekwisha. Na wewe, mwanangu, unakaa kivulini?”

Mchana kutwa nilikuwa juani na ndoo, na hakuna aliyeniuliza, hata mimi mwenyewe.

Gunia nitalilowesha alfajiri, kisha nirudi ndani nipumzike. Mtoto anacheza tumboni ninapoandika haya.