Aliyelegeza Mikono

Baba Zuhura wangu,

Salamu kutoka Azaiba, huku ugenini kwa ami. Sote wazima, na mwanao kaota jino la kwanza. Nakuandikia mbio mbio, maana jirani anayesafiri leo anaisubiri kadi hii mlangoni, na mashindano ya baiskeli kwenye televisheni hayajesha. Wanapita barabara ya mawe, mvua inanyesha, wanaanguka ovyo. Ami kamchagua yule wa mbele, pande la mtu. Mie nimemchagua wa tatu, kwa sababu kalegeza mikono kwenye usukani kama wewe ukipeleka mikate. Yule wa mbele kaukaba usukani, atachoka tu. Ami ananicheka: "Wewe baiskeli umeijulia wapi?" Nikamwambia, "Nimeolewa nayo, ami!"

Basi kaapa: akishinda wake, nabaki mpaka Idi. Akishinda wangu, Ijumaa ananipeleka mwenyewe uwanja wa ndege, na halwa juu. Unawajua watu wa huku, hawamwachi mgeni akaondoka. Nguo za mtoto nshazikunja. Zangu pia, ila kanga moja nimeibakisha nje, Mungu ndiye ajuaye.

Njoo utupokee.

Wako kwa mapenzi,
Mama Zuhura