Macho ni ya Wanaoogelea

Mjukuu wangu Swafia,

Assalamu alaikum. Sote wazima, alhamdulillahi. Bibi yako amepona goti na amerudi kugombana na paka.

Waniuliza mbona mimi na Bwana Athmani tukinywa kahawa ufuoni Shela hatutazamani. Tulipokuwa vijana, waokoaji wa pale, siku moja nilimgeukia tucheke. Akanishika uso, akaurudisha uelekee baharini: "Mimi unisikie tu. Macho ni ya wanaoogelea." Tangu hapo urafiki wetu ni wa bega kwa bega, na hatuubadilishi.

Sasa Athmani haoni tena. Jana nilimgeukia nimpe kikombe. Aliposikia sauti yangu imemwelekea, alinigeuza uso kwa kiganja kile kile.

"Tazama maji, bwana. Nitazamie na mimi."

Babu yako