Nguzo ya Kati

2 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila goti la kulia limeanza tena ukorofi. Simu yangu imekufa, kwa hiyo barua nampa dereva wa lori la chumvi anayepita hapa Jumatatu.

Mwanangu, nimeshikwa pabaya. Watu wa ardhi wamechora msalaba mwekundu kwenye ukuta wa ghala. Ufuo huu wote unajengwa hoteli, na sisi eti ni wavamizi. Mimi, mvamizi! Babu yangu ndiye aliyefyeka hapa. Alijenga ghala kabla ya nyumba, akalala na bibi juu ya magunia miaka miwili. Lakini karatasi hatuna. Afisa anarudi kukagua tarehe 17. Nikifukuzwa nitakwenda wapi na umri huu?

Baba yako


5 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Barua yako niliisomea kiwandani, nikashonea mkono wa shati mahali pa kola. Msimamizi kafoka mpaka basi.

Natafuta wakili. Wewe lisafishe ghala, maana nakujua. Afisa asikute mavi ya kuku na makorokoro yako. Pasiwe na kitu cha kutuaibisha.

Binti yako


13 Machi

Shikamoo Baba,

Naandika mbio mbio. Wakili anasema alama yoyote ya miaka ni ushahidi. Baba, ile nguzo ya kati! Babu yako, kisha babu, kisha wewe, mmechonga mwaka kila baada ya mavuno. Nilijifunzia kuhesabu pale. Mpeleke afisa moja kwa moja kwenye nguzo. Usiiguse hata kwa ufagio.

Binti yako


17 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nikisema sijambo nitakudanganya.

Barua yako imefika jana. Nguzo nilikuwa nimeshaipiga randa Jumamosi. Niliitazama ile michoro nikaona afisa msomi atatucheka, watu wazima tunaandika kwenye miti. Nilifanya kazi kutwa. Ilipong'aa nikajisifu.

Leo kaja. Nimemweleza yote, nikalia mbele yake bila haya. Akapitisha kiganja kwenye nguzo, akasema, "Mzee, mbona hii mpya?" Akaandika hivyo hivyo. Nimepewa siku saba.

Usijilaumu, randa nilishika mimi.

Maranda niliwatandikia kuku. Tangu afisa aondoke nachakura viota, na kipande kinachosomeka nimepata kimoja tu, nimekitia humu kwenye bahasha. Ni mwaka uliozaliwa wewe. Mwaka ule nilichonga tarakimu kubwa kuliko zote, mama yako akanicheka.

Kitunze. Nauli ya kuja kwako usitume kwanza, bado natafuta vingine.

Baba yako